Nani Amsalimu Nani: Lugha na Maongezi ya Kila Siku Hamriya

Hamriya ni mtaa wa Muscat ulio jirani na Ruwi na Wadi Kabir, ndani ya wilaya ya Mutrah. Majengo yake ya kupangisha yamesongamana, chini maduka, juu vyumba vya kulala, na katika njia moja fupi mpita njia anaweza kusikia Kiarabu, Kibengali, Kiurdu, Kimalayalam na Kiswahili. Mchanganyiko huu hauna umri mrefu. Hadi 1973 bonde la Ruwi lilikuwa na uwanja wa ndege wa Bait al-Falaj. Uwanja mpya ulipofunguliwa Seeb mwaka huo, bonde likageuka kitovu cha biashara cha mji mkuu, na mitaa ya pembeni ikajaa mafundi, wauza duka, vibarua na madereva waliokuja kulijenga na kulihudumia. Sensa ya 2020 ilihesabu watu wapatao milioni 4.47 Oman nzima, na kiasi cha asilimia 39 kati yao si raia. Katika mkoa wa Muscat wasio raia ni zaidi ya nusu ya wakazi.

Mtaa wa namna hii unaweka wazi jambo ambalo katika kijiji cha lugha moja hujificha. Watu wakiulizwa lugha ni ya nini, wengi hujibu kuwa ni ya kupashana habari. Kazi hiyo ipo. Lakini katika maneno yanayosemwa mtaani tangu alfajiri hadi baada ya Isha, sehemu kubwa haimpi msikilizaji habari yoyote mpya. Humweka mahali pake: ni mgeni au jirani, mkubwa au mdogo, mwenye mali au mwenye kutumwa, mtu wa kuaminiwa au wa kuangaliwa. Mtu anaweza kukosea sarufi katika kila sentensi na bado akaishi vizuri na majirani. Akikosea upande huu wa pili, sarufi safi haimwokoi.

Upande huo huanzia kwenye salamu. Mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski, katika maandishi yake ya 1923, alieleza kuwa yapo maneno ambayo watu huyasema ili kufungua na kulinda uhusiano tu, na kwamba maana ya maneno yenyewe humo haina uzito mkubwa. Kwa Waswahili na kwa Waomani hiyo ni nusu ya ukweli, kwani kwao salamu ina mpangilio na kila kiungo cha mpangilio huo hupimwa. Adabu ya Kiislamu imeweka zamu: aliyepanda chombo humsalimu anayetembea, anayetembea humsalimu aliyekaa, wachache huwasalimu wengi, mdogo humsalimu mkubwa. Ndiyo maana anayeingia dukani ndiye mwenye deni la salamu, hata akiwa ni tajiri na aliyekaa nyuma ya meza ni kibarua wa mshahara mdogo. Kwa dakika hiyo moja sharia ya salamu huipita nguvu ya fedha, na mwenye duka humtambua papo hapo mteja aliyelelewa na yule asiyelelewa. "Assalamu alaykum" ndiyo sentensi pekee ambayo Mbengali, Mpakistani, Muomani na Mzanzibari wote huisema kamili, bila kuikatakata, na hata Mhindu wa Kerala aliyekaa mtaani miaka mingi hujifunza kuiitikia.

Baada ya hapo njia hutengana kidogo. Katika Kiswahili huja habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto, na jibu la kwanza ni njema au salama, hata kwa mtu aliyelala na mgonjwa usiku kucha. Habari yenyewe hufuata nyuma ya neno "ila" au "lakini": njema, ila mama hajisikii vizuri tangu juzi. Katika Kiarabu cha Oman mgeni huulizwa "ulumu", yaani habari za alikotoka, naye hujibu kwanza kwamba hakuna ila kheri. Habari kamili hutoka baada ya tende na kahawa. Mpango ni mmoja: amani hutangulia, shida hufuata. Hapa ndipo mtu aliyefunzwa kazi kwa taratibu za Kizungu hujikwaa. Muuguzi akimuuliza bibi wa Kizanzibari, mara tu anapokaa kitini, anaumwa nini, anaweza kujibiwa "hamna kitu", na akaliandika jibu hilo. Bibi hakudanganya. Ameulizwa swali mahali ambapo desturi imeweka jibu la kheri, na anangoja aulizwe mara ya pili.

Ndani ya Kiswahili chenyewe salamu hubagua vilevile. Binti wa Tanzania bara hukua akijua kuwa mkubwa haamkiwi bila shikamoo. Mkenya wa Nairobi halitumii neno hilo kwa kiasi hicho, na akiamkia kwa "habari yako" hamaanishi dharau. Wazee wa Oman waliozaliwa Unguja au Pemba wamezoea pia sabalkheri na masalkheri. Watu hawa wote wakikutana kwenye ngazi za jengo moja husema lugha moja na bado wanaweza kuachana kila mmoja akimwona mwenzake hana adabu.

Mfano wa kawaida wa mtaani unaonyesha jinsi uchaguzi wa lugha unavyofanyika. Bibi wa Kiomani aliyekulia Unguja anaingia na mjukuu wake katika duka la fundi cherehani Mbengali. Anatoa salamu ya Kiarabu, kamili. Halafu ananyoosha nguo mezani na kusema: "Hada tawil. Sawwi gasir shwayya." Hii ndefu, fanya fupi kidogo. Fundi anatikisa kichwa na kupima kwa kidole. Bibi anamgeukia mjukuu: "Mwambie asikate sana, maana akishakata hakuna dawa." Mjukuu anamjibu bibi yake kwa Kiarabu cha Oman, anazungumza na fundi kwa maneno yaleyale ya mkato, kisha anamwandikia mwenzake wa chuo ujumbe kwa Kiingereza. Simu ya bibi inalia, ni dada yake, na sauti yote inabadilika: Kiswahili cha haraka, chenye kicheko, "ee mwenzangu, ndo nipo kwa fundi hapa, nitakwambia nikifika."

Dakika chache, lugha nne, na hakuna aliyesita. Joshua Fishman, mwanaisimu wa Marekani, aliliweka swali hili vizuri mwaka 1965 alipotaka ichunguzwe nani anasema lugha gani na nani na lini. Jibu la Hamriya ni kwamba kila lugha hapo ina mtu wake na kazi yake. Kiarabu cha salamu kilimtambulisha bibi kuwa Mwislamu mwenye heshima zake. Kiarabu cha mkato kilimaliza shughuli. Kiswahili alichomwambia mjukuu kilikuwa siri mbele ya fundi na malezi kwa mtoto. Kile cha kwenye simu kilikuwa raha. Na mjukuu alipojibu kwa Kiarabu alisema, pasipo kutamka, kwamba yeye ni wa hapa.

Kiarabu hicho cha mkato kinastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu ndicho kinachobeba sehemu kubwa ya maisha ya mtaa na ndicho kinachodharauliwa zaidi. Wanaisimu hukiita pijini ya Kiarabu cha Ghuba. J. R. Smart alikiandikia mwaka 1990, na Unn Gyda Næss wa Chuo Kikuu cha Oslo alikichunguza Buraimi, mji wa Oman ulio mpakani na Falme za Kiarabu, katika tasnifu yake ya 2008. Kitenzi chake aghalabu hubaki na umbo moja kwa mimi, wewe na yeye, kwa jana na kesho. Wakati huonyeshwa na neno la pembeni, "ams" au "bukra". Neno "fi" hubeba kazi ya kuwa na ya kuwapo, na "mafi" hukanusha karibu kila kitu. Sauti nzito za Kiarabu huachwa au hulainishwa, kama vile Kiswahili kilivyofanya karne nyingi zilizopita kilipopokea maneno kutoka bahari hiyohiyo.

Wengi hudhani kuwa wageni ndio walioiharibu lugha. Ukweli ni kuwa pijini hutengenezwa na pande mbili. Mwarabu anapomwambia mfanyakazi "inta ruh, jib" hasemi anavyosema nyumbani; amekwisha kupunguza lugha yake hadi kiwango anachodhani kinatosha. Mtoto wa Kiomani hujifunza mapema sana kuwa yupo mtu wa kusemeshwa Kiarabu kamili na yupo wa kusemeshwa hiki kifupi. Kwa hiyo pijini ni daraja, na hapohapo ni alama ya cheo. Tena haina njia nyingi za kulainisha kauli. Kiarabu kamili kina maombi, dua, masharti na kuzungukazunguka kwa heshima. Katika pijini vitenzi vingi vinasikika kama amri. Watu wawili wapole wakizungumza kwa hiyo tu, anayewasikiliza kwa mbali huweza kudhani wanagombana.

Upungufu huo hujazwa na majina ya kuitana. Muomani humwita fundi au mchuuzi Mwasia "rafiq" au "sadiq", rafiki, ingawa urafiki haupo. Neno hilo huondoa ukali wa amri inayofuata. Mfanyakazi humwita tajiri "arbab". Wabengali, Wahindi na Wapakistani huitana "bhai", ndugu. Waarabu wenyewe kwa wenyewe humwita mtu kwa jina la mwanawe, Abu fulani au Umm fulani, na Waswahili hufanya vivyo hivyo kwa Baba Ali na Mama Asha. Jina la cheti hutumika kidogo sana katika maongezi, kwani kumwita mtu mzima jina lake tupu ni kumvua nguo za heshima mbele ya watu.

Maneno "mama" na "baba" yana mzigo wa peke yake. Katika nyumba za Ghuba mfanyakazi wa ndani, awe Mhindi, Mfilipino au Mwafrika, humwita bibi mwenye nyumba "mama" na mumewe "baba". Humo maneno hayo yamekwisha kuwa vyeo vya kazi. Binti aliyetoka Tanga au Singida huyasikia kwa sikio jingine. Kwake mama ni mtu wa kuheshimiwa na pia mtu mwenye wajibu: wa kuuliza kama umekula, wa kukuuguza, wa kukusitiri. Anapolitumia neno, anatoa heshima na anadai haki yake humohumo. Mwenye nyumba aliyelizoea kama cheo husikia heshima tu, dai halimfikii. Manung'uniko mengi ya nyumbani huanzia kwenye pengo hili dogo, na hayatajwi kamwe kwa jina lake.

Kiswahili kimefikaje hapa? Uhusiano wa Oman na mwambao wa Afrika Mashariki ulipata nguvu Waomani walipoichukua Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1698, na ukakomaa Sayyid Said alipohamishia makao yake Unguja katika karne ya 19. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 familia nyingi zilitawanyika. Sultan Qaboos alipotawala Julai 1970 na kuwaita Waomani walio nje warudi, walikuja kutoka Unguja na Pemba, Mombasa, Burundi, Rwanda na Kongo, wengi wakiwa na elimu na Kiingereza ambacho nchi ilikihitaji sana, kwani mwaka huo Oman ilikuwa na shule tatu tu za serikali. Walipewa kazi katika mafuta, polisi, benki, hospitali na wizara. Kilichowapungukia wengi wao kilikuwa Kiarabu.

Upungufu huo ulikuwa na bei yake. Sheria ya Msingi ya Dola ya 1996 ilikitaja Kiarabu kuwa lugha rasmi, na katika jamii inayohesabu nasaba, kutosema Kiarabu vizuri kulimfanya mtu atiliwe shaka hata akiwa na jina la kabila kubwa la bara la Oman. Mtafiti Marc Valeri aliandika mwaka 2007 juu ya Waomani hawa wasemao Kiswahili na nafasi yao katika taifa jipya. Nafla Kharusi, mwaka 2012, alilichambua jina wanaloitwa, "Zinjibari", ambalo hubandikwa hata kwa mtu ambaye wazee wake hawakukaa Unguja, bali Bujumbura au Mwanza. Jina hilo laweza kuwa sifa au kijembe, ikitegemea nani analisema na kwa sauti gani.

Matokeo yake katika maongezi ni mgawanyo unaoeleweka na wote. Kiarabu kimekuwa lugha ya mlangoni, ofisini na msikitini, Kiswahili lugha ya jikoni, ya simu za ndugu, ya harusi na matanga. Kwa kizazi cha tatu mambo yamelegea zaidi: wajukuu wengi huelewa Kiswahili cha bibi na kumjibu kwa Kiarabu. Mazungumzo hayo ya lugha mbili huenda vizuri, hakuna anayehisi kukatwa, lakini lugha inayosikilizwa bila kusemwa haipiti kwenda kwa mtoto anayefuata. Yanayobaki muda mrefu ni maneno ya vyakula, mandazi na mishkaki, na maneno ya mapenzi na ukali ambayo mtoto aliambiwa kabla ya kujua maana yake.

Katika miaka ya karibuni Kiswahili kingine kimeingia mitaani, cha wafanyakazi kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Burundi. Hiki kinasema "kafili" kwa mdhamini wa kibali na "bataka" kwa kadi ya ukaazi, kwa sababu mambo hayo mtu amekutana nayo hapa kwa mara ya kwanza na jina lake la hapahapa. Kinakutana na Kiswahili cha Waomani, ambacho kwa wazee kimehifadhi Kiunguja cha miaka ya 1960, na mkutano wenyewe si mwepesi kama unavyofikiriwa. Bibi mwenye nyumba asemaye Kiswahili ni faraja kwa mgeni: anaelewa homa, anaelewa msiba wa nyumbani, anajua Ramadhani ya pwani. Lakini kwa kuwa anaelewa kila kitu, mfanyakazi hana pa kujificha. Hawezi kunung'unika na mwenzake kwenye simu. Na amri inayotoka kwa Kiswahili fasaha inaingia ndani zaidi kuliko ile ya pijini, maana "we mtoto, huna macho?" humchoma mtu kwa lugha aliyonyonya, wakati "inta mafi shuf?" humpita. Kushirikiana lugha hakujawahi peke yake kufuta tofauti ya cheo. Wakati mwingine huinoa.

Katika hali hiyo ufundi wa kale wa mafumbo hupata kazi. Waswahili wana uzoefu mrefu wa kusema jambo kwa kumwambia mwingine: kijembe, mpasho, jina la kanga iliyovaliwa siku maalumu mbele ya mtu maalumu. Aliye chini hawezi kumwambia aliye juu kuwa amedhulumu, lakini anaweza kumwimbia mtoto anayembembeleza maneno ambayo mama mtu atayafahamu. Kinga ya fumbo ni kwamba msemaji anaweza kukana, na mlengwa akilalamika atakuwa amekiri kuwa limemhusu.

Kukataa nako kuna taratibu zake. "Hapana" tupu haisikiki mara nyingi baina ya Waswahili wala baina ya Waomani. Husemwa inshallah, tutaona, Mungu akipenda, acha niangalie. Msikilizaji mwenyeji hulitofautisha inshallah la ahadi na inshallah la kukataa kwa sauti, kwa macho, na zaidi kwa muda. Wachunguzi wa maongezi wamegundua kuwa muda una maana kubwa kuliko watu wanavyojua. Utafiti wa lugha kumi za mabara mbalimbali, uliochapishwa mwaka 2009 na Tanya Stivers na wenzake, ulikuta kuwa mtu hujibu swali kwa wastani wa kiasi cha sehemu moja ya tano ya sekunde baada ya mwenzake kunyamaza, na kwamba majibu yasiyokubali huchelewa zaidi. Si ajabu, basi, ukimya mfupi kusomwa kama dalili ya kutotaka.

Kwa mtaa kama Hamriya hili lina madhara ya kweli. Mtu anayetafuta neno katika lugha ya pili huchelewa kujibu, na kuchelewa huko husomwa kama ukaidi. Tajiri anauliza, "Utafanya kesho?" Kijana anakaa kimya sekunde moja akilitafuta neno la kueleza kuwa kesho anaweza, ila baada ya Dhuhuri. Tajiri ameshakunja uso. Kisha kijana, akiona uso umekunjwa, anaacha maelezo na kusema "aiwa", ndiyo, na kesho yake hafiki asubuhi. Hapo ndipo huzaliwa sifa mbaya ya taifa zima, kwamba hawa ni wavivu au wale ni waongo, na chanzo chake ni sekunde moja ya kutafuta neno.

Mengine hayahitaji neno. Mgeni wa Kiomani aliyetosheka na kahawa hutikisa kikombe kidogo anapokirudisha. Asiyetikisa humiminiwa tena na tena. Anayepita mbele ya Waswahili wanaokula hukaribishwa chakula, naye hujibu "starehe" akaendelea na safari yake. Mlango wa ghorofa hupigwa kengele, lakini mtu wa pwani bado hutia hodi kwa sauti na kungoja aambiwe karibu, desturi inayokubaliana na agizo la Sura ya An-Nur, aya ya 27, la kutoingia nyumba za watu bila ruhusa na salamu.

Msemaji wa Kiswahili hufika Hamriya na faida ambayo Mbengali hana kwa kiasi hicho. Sita, saba na tisa, ishirini hadi tisini, mia na elfu ameshazijua, kwa hiyo kuhesabu riyali na baisa zake elfu moja hakumchukui siku nyingi. Duka, soko, sabuni, sukari na kitabu anavitambua. Faida hii humpumbaza. Akitaka kitu kwa upole husema "tafadhali", na Mwarabu husikia neno la kumkaribisha mtu achukue au aingie. Ombi limegeuka ukarimu, na wote wawili wanabaki wakitazamana. Mtego wa hatari zaidi ni saa. Saa tatu asubuhi ya Mswahili ni saa tisa ya Mwarabu, na "thalatha" ya Mwarabu ni saa tisa ya Mswahili. Wazee wa Muscat wasingeshangaa: hadi 1970 milango ya mji ilifungwa saa tatu baada ya Magharibi, na hesabu hiyo ndiyo saa tatu ya usiku ya Kiswahili hadi leo. Lakini Oman ya sasa huhesabu kama sehemu nyingi za dunia, na mgeni asiyejifunza hilo wiki ya kwanza atakosa gari, miadi ya daktari, au siku nzima ya kazi.

Yako pia maneno ambayo kuyatamka ndiko kutenda. Mwanafalsafa wa Uingereza J. L. Austin aliyapa nafasi yake katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1962, baada ya kufa kwake, lakini mafakihi walikuwa wameyajua kwa karne nyingi: ijabu na kabuli katika ndoa, tamko la talaka, kiapo, kuuza na kununua. Hapo hakuna nafasi ya kukosea. Ndiyo maana mtu aliyeridhika na pijini sokoni hutafuta mwenye kujua lugha siku ya kuposa au ya kutia saini mkataba. Na ndiyo maana ujumbe wa sauti wa simu umependwa sana na wafanyakazi: anayetuma fedha Dodoma au Kampala huweza kuagiza, kuapa, kusamehe na kuaga kwa sauti yake mwenyewe, bila kutegemea mwandishi.

Mpaka wa pijini uko hapohapo. Inatosha kununua mchele, kushona suruali na kuelekeza teksi. Haitoshi kueleza maumivu yanayokuja na kuondoka, wala kupanga matukio ya miezi sita kwa tarehe, wala kusema "ningeondoka kama ningepewa pasipoti yangu." Lugha isiyo na nyakati za vitenzi wala masharti haiwezi kubeba ushahidi. Ripoti ya Human Rights Watch ya Novemba 2017 kuhusu Watanzania wanaofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu ilikusanya malalamiko ya mishahara iliyopunjwa, saa nyingi za kazi na pasipoti zilizoshikiliwa. Kila moja kati ya hayo, likifika mbele ya afisa, linadai msimulizi anayeweza kusema nini kilitangulia na nini kilifuata, mbele ya mtu anayeandika kwa Kiarabu. Mwenye maneno mia mbili ya sokoni anaingia na dhulma yake na kutoka nayo.

Jambo hili lina dawa, na haiko mbali. Katika hospitali, vituo vya polisi na wizara za Oman wapo raia waliokulia Kiswahili na wanaojua Kiarabu cha ofisi. Wengi wao wamezoea kukiacha Kiswahili nyumbani, kwa sababu kuna wakati kilikuwa kikiwaletea shaka. Serikali ya Oman na balozi za Afrika Mashariki zilizoko Muscat ziwatambue kama wakalimani, ziwape mafunzo na malipo, na kila malalamiko ya mfanyakazi asiyejua Kiarabu yasikilizwe kwa lugha ambayo mwenyewe anaweza kuapia.